Mgeni Aliyefungua Friji Yetu

Katika mji huu wa Brussels, mtu akitaka msaada wa kodi ya nyumba, jambo la kwanza analotakiwa kuthibitisha ni kwamba mama yake ni mama yake. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Mwanamke aliyenizaa alikuwa nyumbani Evere anamenya vitunguu, na mimi nimesimama kwenye dirisha namba tatu la komini, yaani ofisi yetu ya mtaa, namwonyesha bwana mmoja cheti cha kuzaliwa cha Lubumbashi. Alikigeuza. Akakitazama kwa nyuma, ambako hapakuwa na kitu. Akasema muhuri hausomeki. Nikamwambia kwetu muhuri haujawahi kusomeka, na ukiona unaosomeka ujue ni wa bandia. Hakucheka. Nadhani kucheka nako kuna fomu yake, na siku hiyo hakuwa nayo.

Niseme mapema nilichokuwa nakitafuta. Mkataba wetu wa miaka tisa ulikuwa umeisha, na mwenye nyumba, ambaye kwa miaka yote hiyo hakubadilisha hata balbu ya korido, ghafla aligundua kwamba nyumba yake ni ya kifahari. Akapandisha kodi. Mshahara wangu haukupanda. Nafanya nusu siku kwenye jiko la shule moja ya Etterbeek, nawagawia watoto supu na viazi. Mume aliondoka zamani. Hiyo ni habari nyingine, na hastahili wino wangu. Nilikuwa nimepata nyumba ya bei tunayoimudu, upande wa pili wa mji, Berchem-Sainte-Agathe. Ghorofa ya nne, hakuna lifti.

Pale Evere tulikuwa ghorofa ya tano, lakini lifti ilikuwepo, na lifti hiyo ndiyo iliyokuwa miguu ya mama yangu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kwa lifti alishuka kila asubuhi akanunua mkate, akakaa kituo cha tramu kutazama watu bila nia ya kusafiri, akaenda mazoezi ya kwaya, akarudi na umbea wa kututosha hadi jioni. Kumpeleka Berchem ilikuwa sawa na kumfungia chumbani na kumwachia dirisha. Sikuwa tayari. Ndiyo maana nilikwenda kuomba.

Ofisi ya misaada iko mlango wa nyuma, kama mlango wa kuingizia mizigo. Wiki tatu nilizunguka. Walitaka mkataba wa zamani, mkataba mpya, barua ya kuonyesha kwamba nimejaribu kutafuta nyumba nyingine, na barua ya kueleza kwa nini hiyo nyingine siitaki. Nikipeleka karatasi ya tano, ya kwanza inakuwa imeshapitwa na wakati. Kulikuwa na mashine ya kutoa namba pale mlangoni, na mashine ile ndiyo pekee iliyonishukuru kwa kufika.

Mwishowe walisema faili limekamilika, sasa asistanti atakuja nyumbani kuona hali. Asistanti ni yule afisa wa ustawi wa jamii ambaye kazi yake ni kuja kuhakikisha kwamba umaskini uliouandika unaonekana pia kwa macho. Walinipa siku na saa. Hapo ndipo tatizo langu halisi lilipoanza, maana mama yangu hakujua kwamba tunaomba.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka arobaini. Alishika chaki kwa mkono mmoja na heshima yake kwa mwingine, na katika maisha yake hakuwahi kugonga mlango wa jirani kuomba hata chumvi. Ikikosekana chumvi nyumbani kwetu, tulikula bila chumvi na kuambiwa ni nzuri kwa moyo. Ningemwambiaje kwamba nimejiandikisha kwenye mlango wa nyuma wa komini? Nikamdanganya. Nikasema mtu wa komini anakuja kuangalia kama nyumba ina joto la kutosha.

Mama alivua miwani. "Muntu wa Leta?" Leta kwetu ni serikali.

"Ndiyo, maman. Dakika chache tu."

"Muntu wa Leta atakuya kwetu, atakuta maji tu? Jamais."

Nilipaswa kumzuia palepale. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilijiambia kwamba kuku mmoja hawezi kuharibu faili. Sikujua kwamba hatakuwa mmoja. Siku mbili mama alipika. Alipika sombe, yaani kisamvu, akapika kuku, akapika samaki, na bukari, ugali wetu, akasema atasonga mgeni akiwa mlangoni ili aile ya moto. Aliazima sahani zenye ukingo wa dhahabu kwa maman mmoja wa kwaya wa ghorofa ya pili, na kwa maman huyohuyo akaazima mapazia. Niliporudi kutoka kazini nyumba yetu ilikuwa imejaa harufu ya harusi. Friji, ambayo mwezi ule ilikuwa na maziwa, limau na taa yake, haikufungika vizuri.

Asistanti alifika saa kumi kamili. Alikuwa msichana wa Kibelgiji wa miaka kama ishirini na saba, kofia ya baiskeli mkononi, soksi zisizofanana. Mama alimsubiri mlangoni amevaa kikwembe, kitenge chake cha sikukuu, kilemba juu, hereni, mkufu. Msichana alitutazama, akatazama namba ya mlango, akatazama tena karatasi yake. Kama ningekuwa yeye ningedhani pia nimekosea nyumba, nimeangukia kwa balozi.

Kifaransa cha mama ni kile cha walimu wa zamani, chenye kola na tai. Alimuuliza mgeni habari za wazazi wake, safari yake, na afya yake katika baridi hii. Msichana, ambaye nadhani hajawahi kuulizwa hayo kazini, alijibu yote. Kisha akafungua daftari akauliza kwa upole kama kuna ugumu wowote hapa nyumbani.

Sasa, kwetu mgeni akikuuliza habari, ni nzuri. Nyumba inaweza kuwa inaungua nyuma yako, ni nzuri kwanza, halafu mkishakaa, mkishakunywa, ndipo moto unaweza kutajwa. Kwa mtu usiyemjua hautajwi kabisa. Mama akatabasamu. Akasema hakuna ugumu, namshukuru Mungu, hatukosi kitu. Binti yangu ana kazi nzuri kwenye elimu. Elimu! Mimi mwenye kijiko cha supu. Nilimtolea macho. Alidhani namkumbusha juisi.

"Na magoti?" nilisema kwa Kifaransa, sauti imepanda. "Maman, mweleze kuhusu magoti."

"Magoti ni ya umri wangu," alisema, na akamimina juisi. "Tunaelewana."

Msichana aliandika. Aliomba kuona vyumba. Aliona kitanda cha mama na changu, akahesabu miswaki bafuni. Ilikuwa miwili, nikashangilia kimoyomoyo, angalau miswaki ilisema kweli. Kisha akaja jikoni, akaomba radhi, akafungua friji.

Mama alishika kifua. Alinivuta pembeni, na uso wake ulikuwa na huruma tupu.

"Iko na njala, uyu mutoto! Anatafuta chakula mwenyewe. Mupatie sahani, mbio!"

Jamani. Kwa kweli, tangu lini mgeni mwenye akili zake anafungua friji ya watu kama hajazidiwa? Mama hakuwa na maelezo mengine, na hakuna maelezo mengine ambayo yangekuwa ya heshima. Msichana alikuta sahani tatu mezani na bukari inatoa mvuke. Alisema sheria ya kazi haimruhusu. Mama alimwambia sheria inakataza kuiba, haikatazi kula. Msichana akala vijiko viwili vya sombe akiwa amesimama, masikio mekundu, na alipokuwa anafunga kofia mama akamtumbukizia kwenye mkoba nusu kuku aliyefungwa kwenye karatasi ya alumini. Nilimsindikiza hadi kwenye lifti nikijaribu kunong'ona ukweli wote kabla milango haijafungana. Nilifika kwenye neno "kodi", ikafungwa.

"Mutoto wa muzuri," mama alisema. "Lakini Leta haibalipe muzuri. Umeona soksi?"

Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya mwezi. Sitaki kuinukuu, Kifaransa chake kinaumiza meno. Ilisema kwamba baada ya ziara, hali ya uhitaji haikuonekana: chakula kipo kwa wingi, nyumba imepambwa, na bibi mwenyewe ametamka kwamba hawakosi kitu na kwamba afya yake ni ya kawaida kwa umri wake. Kuku wa kwenye mkoba alitajwa pia, kama zawadi iliyorudishwa. Hakurudishwa. Namuombea huyo msichana heri, maana alimla, na angalau mtu mmoja katika kesi hii alifaidika. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, walisema nina haki ya kusikilizwa na baraza la ofisi hiyo, nikitaka, nikiwa na mhusika. Mhusika ni mama.

Niliificha barua chini ya taulo. Niliwakasirikia wao, nikamkasirikia mama, halafu nikajikasirikia mwenyewe kwa sababu mimi ndiye niliyeanza uongo. Tulibaki na wiki sita kabla ya kutoka ndani ya nyumba.

Jumatano moja, siku ambayo shule zinafunga mchana, nilirudi mapema. Nikiwa nasubiri lifti chini nikasikia pumzi kwenye ngazi. Ilikuwa pumzi ya mtu anayebeba kitu kizito, halafu ikakoma, halafu ikaanza. Nilipanda kuangalia. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu mama yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, viatu vya raba miguuni, mfuko wa unga wa bukari mapajani, jasho linamtiririka hadi shingoni.

"Maman! Lifti imekufa?"

"Lifti iko muzuri."

"Sasa unafanya nini huku?"

Alingoja pumzi yake irudi. Hakupenda kuongea akihema.

"Ile barua ya mwenye nyumba nilisoma. Unazani miye sijue kusoma? Na kwa telefone nilikusikia, Berchem, étage ya quatre. Bon. Nilianza na étage moya. Sasa nafika trois. Kilo cinq ya unga ni juu nizoee na mizigo. Kisha mwezi, nitafika quatre."

Ghorofa ya tatu ameshafika, anaitafuta ya nne, ya Berchem. Nilikaa ngazi ya chini yake. Kwa wiki tatu nilikuwa nimezunguka madirisha ya komini kumtafutia lifti, na kwa wiki hizohizo yeye alikuwa anajifunza kuishi bila lifti ili mimi nisihangaike, na wote wawili jioni tulikaa mezani tukaulizana habari, nzuri, nzuri. Nililia hapo kwenye ngazi, bila aibu. Kisha nikamwambia yote: komini, faili, asistanti, friji.

Aliposikia kuhusu friji alifumba macho.

"Donc ule mutoto hakukuwa na njala."

"Hapana, maman. Alikuwa anapima kama sisi tunayo."

Nilidhani ataniambia nimemwaibisha kwa kwenda kuomba. Hakuanza na hilo.

"Juu ya nini haukuniambia? Ulinifanya nidanganye muntu wa Leta mu macho." Alisimama kwa kushika chuma cha ngazi, na alipokanyaga mguu wa kulia nikasikia meno yake yakigongana. "Miaka quarante nilipiga batoto juu ya bongo." Bongo kwetu ni uongo.

Siku ya baraza nilimwomba jambo moja tu: avae kawaida. Nilimtolea sweta la kijivu. Alilitazama sweta kama vile nimemtolea maiti ya paka.

"Maman, tunakwenda kuomba, hatuendi harusini."

"Ku Leta sitaenda na kintu ya kupangusia chini. Kama banataka kuona umaskini, baje batazame mu roho yangu."

Akavaa kikwembe cha sikukuu. Na kilemba. Na hereni. Njiani kwenye basi nilimfundisha kama mtoto wa darasa la kwanza: wakikuuliza hali, usiseme nzuri. Sema naumwa. Sema siwezi. Alirudia maneno hayo kwa Kifaransa, mdomo ukiyakataa. Kituo baada ya kituo niliyasikia yakizidi kuwa madogo.

Walikuwa watu watano nyuma ya meza, chupa za maji mbele yao, na kijana wa kuandika pembeni na kompyuta yake. Mama hakukaa alipoonyeshwa kiti. Alizunguka meza yote, akampa kila mmoja mkono, na kila mmoja akalazimika kuinuka nusu. Mwenyekiti, mzee mwenye shali, alimuuliza hajambo.

"Très bien, monsieur le président," alisema mama, yaani nzuri sana. "Na wewe mwenyewe? Na familia?"

Nilitazama sakafu. Ilikuwa safi, nakumbuka. Mwenyekiti alisema familia ni nzima. Kisha akasoma ripoti: friji, mapazia, hatukosi kitu, magoti ya umri wake. Akauliza swali lake moja, na nitakuwa mkweli, aliliuliza kwa adabu. Je, bibi anaweza kupanda ngazi au hawezi?

Mama akasema anafika ghorofa ya tatu.

Basi, nikajua tumekwisha. Bwana mmoja mwenye kalamu ya fedha aliandika kitu, kifupi, nadhani ni ile "tatu" tu. Mama aliiona ile kalamu. Aliitazama ikiandika, akanitazama mimi, na mikono yake ikaanza kuvuta kikwembe.

Alikivuta polepole hadi juu ya goti la kulia. Mimi, mwanawe, ninayemsugua mgongo, sikuwa nimeliona goti lile. Alikuwa akioga akiwa amejifunga khanga, akilala akiwa amejifunika. Lilikuwa limevimba kama boga dogo, ngozi inang'aa, na upande mmoja lilikuwa na rangi ya zambarau iliyoshuka hadi kwenye muundi. Watu watano waliacha maji yao. Mwanamke wa mwisho wa meza alifunika mdomo.

Mama akamgeukia kijana wa kompyuta. "Andika," alimwambia kwa Kifaransa. Kisha akasema, kwa sauti ile ya imla iliyonitesa utotoni, neno moja moja, akingoja vidole vyake vimalize: Nilisimama mbele ya ubao miaka arobaini. Nukta. Ngazi napanda, lakini usiku silali. Nukta. Kwa msichana mliyemtuma nilisema uongo, kwa sababu ya malezi. Nukta. Siwezi. Nukta.

Kijana aliandika yote. Alipomaliza alinyanyua macho kumwangalia mama, nusura ampelekee asahihishe. Mama akashusha kikwembe, akakinyoosha, ndipo akakaa kwenye kiti.

Msaada ulikubaliwa. Tulibaki Evere, na lifti yetu, na balbu ya korido ambayo hadi leo haijabadilishwa. Siku ile tukirudi mama aliniambia jambo moja tu, tukiwa bado kwenye basi: "Usiambie muntu ku kanisa." Sikumwambia mtu. Jumapili maman wa ghorofa ya pili, mwenye mapazia yake, aliuliza habari ya magoti, na mama akamjibu iko muzuri, akaimba sauti ya kwanza ya kwaya kama kawaida.

Lakini komini haitoi kitu moja kwa moja. Msaada wao ni wa miezi kumi na miwili, na mwezi uliopita barua ilikuja tena: baraza linataka kujua kama hali imebadilika, na linatuomba tufike na mhusika. Wanadhani labda goti limepungua umri. Safari hii sikuificha. Nilimpa mama aisome mwenyewe, na aliisoma yote, hadi herufi ndogo za chini, kidole kikifuata mstari.

"Nitabaonyesha tena?" aliuliza.

"Ndiyo, maman."

Aliikunja barua mara nne. Kisha akachukua kikwembe cha sikukuu, akaniuliza pasi nimeiweka wapi.